Matairi yamekauka miezi mitatu, mvua ya kwanza tu viluwiluwi tele: mayai ya mbu Aedes yanavukaje kiangazi?

mtaa_kwa_mtaa

Wakuu, habari za humu. Naomba wenye ujuzi wa wadudu walijibu hili kwa kina, siyo lile la "fukia madimbwi" tu.

Gereji moja huku Tabata ina matairi chakavu kama 60, mapipa manne ya lita 200 na makopo ya rangi. Nyuma yake kuna genge lenye rundo la vifuu vya nazi. Tangu katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi hapakudondoka maji ya maana pale. Ukitia kidole ndani ya tairi unatoka na vumbi. Mvua ya kwanza ikapiga usiku wa Jumatatu. Jumatano asubuhi matairi yana viluwiluwi wadogo kama nukta, ukigonga mpira wanazama kwa kujinyonganyonga. Kwa muda huo mbu hawezi kuwa ametaga na mayai yakaiva.

Nataka kujua: mayai yanakaaje hai bila maji, na kikomo chake ni kipi? Je, jua la Februari halitoshi kuyaua? Kwa nini kupuliza moshi wa dawa hakujapunguza kitu? Na la mwisho, kwa vile vuli itarudi na kiangazi kitarudi, kazi ifanyike lini na kwa namna gani?

Kibao_na_Lenzi

Mkuu, hesabu yako iko sawa. Kwenye joto la nyuzi 28, yai la Aedes aegypti linahitaji saa 77 hivi ili kiluwiluwi akamilike ndani yake. Uliowaona Jumatano walitagwa mwisho wa vuli, wakakamilika, wakabaki ndani ya ganda wakisubiri kulowa.

Mbu huyu hatagi juu ya maji. Anataga kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya usawa wa maji, yai moja moja, na hamalizi mzigo wote mahali pamoja: machache kwenye tairi, machache kwenye kopo, mengine kwenye pipa la jirani. Yai hutoka jeupe, na baada ya saa moja au mbili huwa jeusi. Urefu wake haufiki milimita moja. Kwenye mpira wa tairi hulioni hata ukiinama na tochi.

Kinachomwokoa ni tabaka ambalo kiinitete hujijengea mwenyewe chini ya ganda la nje. Linaitwa kutikula ya serosa. Kwenye nyuzi 28 tabaka hilo hukamilika kati ya saa ya 11 na ya 13 tangu yai litagwe. Ukilitoa yai kwenye unyevu kabla ya hapo, linabonyea na kufa. Baada ya hapo maji ya ndani hayatoki kirahisi, na kadiri siku tatu za mwanzo zinavyopita salama ndivyo uvumilivu unavyopanda. Kiluwiluwi aliyekamilika hupunguza matumizi ya mwili karibu yasimame, akaishi kwa mafuta aliyoachiwa na mama kwenye kiini.

Kikomo hakina tarehe moja. Unyevu wa hewa, joto na ukubwa wa ile akiba ya mafuta ndivyo vinavyoamua. Kwenye hewa yenye unyevu wa kutosha, miezi kadhaa ni jambo la kawaida, na machache hukaribia mwaka. Tukumbuke pia kwamba kiangazi cha Dar siyo cha Dodoma: hata Januari hewa ya pwani hubeba unyevu, hasa alfajiri. Lakini kukaa kuna gharama yake. Aliyekaa sana ndani ya ganda hutoka na akiba ndogo, na asipokuta chakula mapema hufa njaa upesi kuliko aliyeanguliwa mapema.

Sasa sehemu ambayo wengi huikosa. Kulowa peke yake hakuliamuru yai lifunguke. Ishara kubwa ni kushuka kwa oksijeni ndani ya maji. Bakteria wakianza kula majani yaliyooza hutumia oksijeni, na kwa kiluwiluwi aliye ndani hiyo ni habari kwamba chakula kipo. Ndiyo maana tairi lenye taka za majani huangua kwa fujo, na ndoo yenye maji safi ya bomba huangua kidogo kidogo. Na hata kwenye maji mazuri kabisa hawafunguki wote. Fungu moja hutoka leo, jingine hungoja kulowa kwa pili, jingine kwa tatu. Mvua ya kwanza ikifuatwa na jua la wiki mbili, waliotoka wanakauka, waliobaki ndani wanaendeleza ukoo. Ukitaka kuwapunguza, jambo hili ndilo la kuliweka akilini kuliko yote.

pwani_kavu

Matairi yatandazwe juani wiki nzima, mayai yanaiva humo humo. Kazi imekwisha, mnajisumbua bure.

Kibao_na_Lenzi

Ndugu yangu, kwa kopo la bati lililo wazi saa sita mchana nakubaliana nawe. Kwa tairi, hapana. Jua hupasha mgongo wa tairi na ukingo wa juu, lakini mkunjo wa chini wa ndani una kivuli siku nzima, na tope lililobaki humo hukauka polepole sana. Ukilitandaza huna budi kuligeuza kila siku na kulifuta tope lile. Matairi 60 ni kazi ya watu wawili, na bado hujui umefikia wapi. Kifuu kilicholala mdomo chini kiko vilevile, yai limefunikwa kama kwa bakuli.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa mjini. Mwaka 1972 Milan Trpis alichapisha kazi yake juu ya uhai wa mayai ya Aedes aegypti wakati wa kiangazi katika mazalio mbalimbali ya eneo la Dar es Salaam. Siku hizo mazalio yaliyofuatiliwa yalikuwa pamoja na jalala la magari mabovu na vichaka vya rasi ya Msasani, ambako mbu walizaliana hata ndani ya magamba matupu ya konokono wakubwa wa Achatina. Gamba la konokono! Kwa hiyo unapozunguka eneo lako usiangalie vitu vya kutengenezwa tu.

Kuna wasaidizi wa bure pia: sisimizi na mende hula mayai haya wakiyakuta makavu ukutani. Ila usiwategemee.

DadaHadubini

Mtaa_kwa_mtaa, kabla hujatumia nguvu, jua kwanza mayai yako mangapi na yako upande gani. Mtego wa mayai hauna gharama. Chukua kopo la plastiki la nusu lita hadi lita moja, jeusi, au lipake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwenye theluthi mbili za kimo chake toboa tundu la milimita 5, mvua isije ikajaza hadi juu na kuloweka mayai yote. Ndani zungushia ukanda wa kitambaa cha marekani au karatasi ya kuchujia, nusu iwe ndani ya maji, nusu juu.

Maji yawe ya nyasi. Loweka nyasi kavu gramu 8 kwa kila lita, funika siku 7, kisha changanya sehemu 1 ya maji hayo na 9 za maji ya kawaida. Usiongeze ukali ukidhani utavuta zaidi: maji yanayonuka sana huwaita Culex, utaishia kuhesabu mayai yasiyokuhusu. Weka makopo kivulini, chini ya kimo cha mita moja, pasipo upepo. Kwa gereji ya ukubwa huo kumi yanatosha. Badilisha ukanda kila siku ya 5 na suuza kopo. Usivuke siku 7, kwa joto la Dar mtego uliosahaulika unatoa mbu kamili. Andika tarehe, namba ya kopo, idadi ya mayai. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kuhesabia.

Ukitaka kujua mayai ya mtaa wako yanavumilia ukavu kiasi gani, usiukaushe ukanda siku ileile uliyoutoa. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaua mayai mabichi halafu wanasema hayavumilii. Uache na unyevu kwenye sahani iliyofunikwa kwa siku 3, kisha uanike kivulini, bila feni. Uweke kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na kikombe cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa mpaka ikawa kama uji mzito. Chumvi ya namna hiyo hushikilia unyevu wa hewa ndani ya kisanduku kwenye asilimia 75 hivi. Ukanda usiguse chumvi. Kata vipande vya mayai kama 50 kila kimoja, na kila mwezi toa kimoja, kiloweke saa 24 kwenye maji ya nyasi, hesabu waliotoka, kikaushe siku 3, kiloweke tena. Usiposhangaa kwa wanaotoka kwenye kulowa kwa pili, basi ulihesabu vibaya mara ya kwanza.

Kusoma maganda: lililoanguliwa lina kofia iliyofunguka upande mmoja. Lililobonyea katikati limekufa. Lile nono ambalo halijafunguka lina mashaka. Lidondoshee jiki iliyopunguzwa kwa maji, weusi wa ganda utafifia na kama kiluwiluwi yumo utaona nukta za macho. Ukimaliza mwagia kila kitu maji yanayochemka. Usimwage bustanini.

mtaa_kwa_mtaa

Dada, shukrani sana. Hili la siku 3 za unyevu sikulijua kabisa. Sasa kwenye kuyaondoa nianzie wapi? Mwenye gereji ana dawa ya chenga aliyopewa, na anasema akiimwaga kwenye mapipa makavu mayai yatakufa.

DadaHadubini

Hayafi. Dawa za kwenye maji, iwe temefosi au ile ya bakteria, Bti, huua viluwiluwi. Yai halili wala halinywi, na pupa (hatua iliyo kati ya kiluwiluwi na mbu kamili) naye hali, kwa hiyo Bti haimgusi. Moshi wa kupuliza huua mbu waliokomaa walioguswa na matone jioni ile. Ukutani mwa tairi mayai hayana habari. Hilo ndilo jibu la swali lako la tatu.

Temefosi ya chenga za asilimia 1 ina kazi yake kwenye maji yaliyopo. Kipimo ni gramu 10 kwa lita 100, yaani gramu 20 kwa pipa lako la lita 200 likiwa limejaa, ambayo ni miligramu 1 ya dawa kwa lita. Usikadirie kwa kiganja. Pima kwa mizani mara moja, tafuta kifuniko cha chupa kinacholingana, kikate alama, kitumie hicho.

Mapipa yasuguliwe. Yamwage, kisha changanya jiki na sabuni ya unga mpaka ipatikane kitu kizito kinachong'ang'ania ukutani. Paka kwa brashi kuanzia ukingo wa juu kabisa hadi chini, na usiruke zile pete za pipa, maana maji yanaposhuka siku kwa siku jike hutaga ngazi kwa ngazi, na kila pete ina mstari wake wa mayai. Subiri dakika 15. Sugua kwa brashi ngumu, suuza, na maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye mchanga mkavu, siyo ndani ya ndoo nyingine. Vaa glovu, na usichanganye jiki na dawa za choo zenye asidi wala zenye amonia. Mvuke wake ni hatari. Anayesugua kwa maji matupu halafu akaacha matope chini ya pipa hajafanya kitu, mayai yameng'oka tu yakahamia chini, na yako hai.

Matairi hayasuguliki. Hapo tumia mvua ya uongo. Katikati ya Februari, yasimamishe au yalaze yapokee maji, jaza mpaka juu kabisa ya mahali maji ya mvua hufika, tumia maji ya nyasi ili oksijeni ishuke, acha siku 3. Siku ya 4 mwaga yote juu ya ardhi kavu yenye jua. Viluwiluwi watakuwa bado wadogo na watakauka. Acha tairi likauke siku 4 au 5, rudia. Mara mbili ni lazima kwa sababu ya wale wanaongoja kulowa kwa pili. Mara tatu ni bora. Weka tarehe ya kumwaga kwenye simu kabla hujajaza. Toka yai hadi mbu kamili kwa joto letu ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukichelewa wiki umewalea mwenyewe. Baada ya raundi ya mwisho matairi yafunikwe kwa turubai lililobanwa lisitengeneze bwawa juu yake, au yatobolewe, au yajazwe mchanga kama hayana soko. Ratiba hiyo hiyo irudiwe mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli.

Vifuu vichomwe. Kwa simtenki tazama mfuniko na bomba la kufurikia, weka wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.2, sawa na chandarua cha kawaida.

MzeeWaKaro

Niongezee kuhusu mbu wengine, maana ukiwachanganya utapoteza nguvu. Culex wanaotung'ata usiku mjini hutaga mayai yaliyoshikana kama mkeka mdogo unaoelea. Mkeka ule ukikauka umekwisha. Yeye anavuka kiangazi kwa sababu choo cha shimo chenye maji na karo lililopasuka havina kiangazi. Huyo dawa yake ni kuziba. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga kwenye vyoo chembe za polistaireni, zile nyepesi nyeupe, zikatanda juu ya maji na kumnyima kiluwiluwi pa kupumulia na jike pa kutagia, huku watu wakipewa dawa ya matende. Chembe zile hukaa miaka ilimradi shimo halifuriki.

Anopheles, mbu wa malaria, naye: mayai yake huvumilia siku kadhaa kwenye tope bichi, siyo miezi ukutani. Hapa Dar anabebwa na maji ya kudumu: mashimo ya kumwagilia mchicha na mitaro kati ya matuta kwenye mabonde kama la Msimbazi. Ndiyo maana mpango wa mji wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004 ulituma watu mtaa kwa mtaa kutafuta mazalio, badala ya kungoja masika.

Pasipo maji kabisa ndipo Anopheles anapoonyesha maajabu. Katika ukanda wa Sahel kiangazi ni miezi mingi bila dimbwi. Kijijini Thierola, Mali, majike yalitiwa alama mwisho wa mvua za 2008, na mmoja akakamatwa akiwa hai baada ya miezi 7. Mbu jike porini kwa kawaida umri wake huhesabiwa kwa wiki. Kazi zilizofuata Mali zilionyesha kwamba spishi hazifanyi jambo moja: Anopheles coluzzii hujificha na kuibuka mara mvua zikianza, ilhali gambiae na arabiensis huchelewa kuonekana kwa karibu miezi miwili, dalili kwamba wanakuja upya kutoka mbali. Mwaka 2019 ikachapishwa taarifa ya nyavu zilizoinuliwa kwa maputo, zilizonasa mbu wa malaria wakisafiri na upepo usiku kati ya mita 40 na 290 juu ya ardhi.

mfugaji_kigamboni

Samahani wakuu, nachomekea. Kupe nao wana mpango kama huu? Kuna mtu anagawa kalenda ya kuogesha ng'ombe kutoka Zimbabwe.

Kibao_na_Lenzi

Mkuu, kalenda hiyo usiinakili. Kupe wa ndigana kali, Rhipicephalus appendiculatus, kusini mwa Afrika wapevu wake huingia usingizi wa msimu, tuuite dayapozi: hata ng'ombe akipita hawapandi, wanangoja majira ya mvua, na kizazi ni kimoja kwa mwaka. Karibu na ikweta usingizi huo haupo, wanapanda muda wowote unyevu ukiruhusu, vizazi vinafuatana. Ratiba iliyopangwa kwa kilele kimoja itakuacha wazi miezi mingine yote. Na kupe asiyekula anaweza kukaa miezi mingi kwenye nyasi ndefu, kwa hiyo kuacha malisho wiki chache hakusafishi kitu.

Tofauti ya dayapozi na yai la Aedes aegypti ni hii: dayapozi hupangwa kabla mambo hayajaharibika, na haikatishwi na mvua moja ya bahati. Yai la aegypti limesimama tu kwa kukosa maji. Lipe maji yenye oksijeni ndogo, linaamka. Nzige wekundu wa bonde la Rukwa ni watu wa kundi la kwanza: wapevu hupita kiangazi kizima bila kutaga, kizazi kimoja kwa mwaka. Viwavijeshi hawana usingizi wowote. Wao ni wahamaji, nondo huruka na upepo, dhoruba za mwanzo wa mvua zinawakusanya mahali pamoja, ndiyo unasikia Morogoro au Dodoma shamba limeliwa kwa siku chache.

NyotaYaKusi

Mmeeleza wanavyovuka. Kuna upande wa pili: kiangazi kinawabadilisha, na hilo lina maana kwa dengi.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliochukua mayai ya Aedes aegypti kutoka maeneo 27 ya Afrika kusini mwa Sahara, mbu wakafugwa, wakapewa kuchagua harufu ya mtu au ya mnyama. Sehemu nyingi walichagua mnyama. Waliompenda mtu kwa nguvu walitoka hasa kwenye maeneo yenye kiangazi kirefu na kikali, kama Thiès na Ngoye nchini Senegal. Msongamano wa mji ulichangia, lakini kiangazi kilichangia zaidi. Mantiki yake ni hii: matundu ya miti yakikauka miezi minane, maji pekee yaliyobaki ni ya mtungi na pipa la binadamu. Anayekaa karibu na mtungi ndiye anayeacha watoto, na aliye karibu na mtungi chakula chake ni sisi. Hapa Dar maji ya bomba yakikatika tunajaza kila chombo, kwa hiyo ukame wa mbu tunauondoa wenyewe na kumfunga zaidi nyumbani kwetu. Wanaofuatilia dengi ya 2014 na 2019 wasiangalie mvua peke yake.

Kwa Anopheles kuna kipande cha kromosomu ya pili kilichogeuka kichwa chini, kinaitwa 2La. Ukipima kutoka misitu yenye unyevu kwenda nyika kavu, 2La inaongezeka, na wenye nacho hustahimili ukavu vizuri zaidi.

Kwenye nchi za baridi mabadiliko yamepimwa hata kwa dakika. Kule mdudu husoma urefu wa mchana kujua baridi inakuja. Hapa Dar tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa nzima kwa mwaka, ndiyo maana wetu husoma unyevu. Kuna mbu mdogo wa Amerika Kaskazini, Wyeomyia smithii, anayeishi ndani ya maji ya mmea unaonasa wadudu. Kati ya 1972 na 1996 wa upande wa kaskazini walichelewesha siku ya kuingia usingizini kwa siku 9 hivi, kwa kuwa majira ya joto yamerefuka. Si tabia ya kujifunza, ni urithi uliochujwa: waliolala mapema mno walipoteza wiki za kuzaa.

Naye Aedes albopictus alipofika Marekani, mwaka 1985 akagunduliwa Houston, Texas, akiwa amesafiri kama mayai ndani ya matairi chakavu kutoka Asia. Alikuwa na uwezo wa kutaga mayai ya kulala majira ya baridi. Ndani ya miaka 20 hivi ratiba ya kulala ikawa tofauti kati ya Florida na majimbo ya kaskazini. Miaka 20 kwa mbu ni vizazi vingi sana.

mtaa_kwa_mtaa

Hilo la Houston limenishtua. Wiki ijayo matairi 20 kati ya yale yanapakiwa kwenda Morogoro. Sasa mvua imeshaanza, mvua ya uongo ya siku nyingi siwezi. Nifanyeje?

DadaHadubini

Mwaga maji yaliyomo leo, siyo siku ya kupakia. Viluwiluwi ulioona Jumatano bado siku chache wawe pupa. Mimina juu ya ardhi inayonyonya, mbali na mtaro. Mabaki ya tope yatoe kwa kitambaa, na kitambaa kichomwe. Kisha kila tairi lipate maji yanayochemka, lita 2 hivi, ukilizungusha wima polepole ili maji yapite mkunjo wote wa ndani, pande zote mbili za ukingo, usiache hata kiganja kimoja kikavu. Watu wawili, mmoja anamimina, mmoja anazungusha kwa ndoana, siyo kwa mikono. Maji yakishapoa kidogo hayafai, kwa hiyo sufuria ibaki jikoni na mimina tairi moja moja.

Yaliyokwisha yapangwe chini ya paa mara moja, maana mbu wa gereji wako wanataga mchana huu huu. Turubai lifungwe kwenye lori kabla halijatoka, na fundi wa kule aambiwe ayapokee chini ya paa vilevile. Yale 40 yanayobaki, mwaga kila siku ya 5 mpaka masika yaishe.